Gramu Ishirini

Kila Jumanne ya pili alifika dirishani kwangu,
Posta ya Mwanza, kabla foleni ya pensheni haijajikunja,
vidole vyeusi kwa grisi ya cheni za baiskeli,
bahasha ameiviringisha kwenye leso isiguse mafuta.
"Mwangaluka, Holo. Nipimie."
Nikaiweka kwenye mizani. Gramu ishirini. Beirut.
Wengine walituma hati za viwanja.
Yeslamu Baghozi, muuza vipuri wa Mtaa wa Rufiji,
alituma mashairi, kwa Kiarabu,
na stempu aliilamba mwenyewe, polepole,
kama mtu anayeonja mchuzi wa jirani.

Sikujua herufi hata moja. Mimi wa Sumve, nimesomea kwa masista.
Akanieleza, watu nyuma yake wakikohoa:
kwao vipimo vya shairi huitwa bahari,
ziko kumi na sita, mawimbi yake yamehesabiwa
tangu enzi za ngamia.
Baba yake aliziogelea zote bila kulowa kilemba.
Yeye alizitoka.
Akaja huku bara, akakuta maji yasiyopwa wala kujaa,
yanavimba yakitaka, yanalala yakitaka,
akasema, hivi ndivyo mstari unavyotakiwa kuishia:
popote. Kwenye jiwe.
"Mizani ninayoiamini," akasema, "ni hiyo yako."

Ugomvi wake na dunia ulikuwa wa neno moja.
Kiarabu huliita ziwa buhaira,
yaani kibahari, bahari iliyodumaa.
"Kibahari!" Akagonga kaunta, stempu zikaruka.
"Nenda Kirumba asubuhi, dagaa wakimwagwa,
tazama ng'ambo, kisha uje uniambie umeona ng'ambo."
Basi akaandika Nyanza, kwa herufi zao.
Mhariri wa Beirut akamsahihisha.
Akaandika tena. Akasahihishwa tena.
Miaka kumi na mmoja nilipima ubishi ule,
gramu ishirini kwenda, ishirini kurudi.

Mwaka ile meli ilipopinduka hakuonekana Jumanne zake tatu.
Ya nne akaleta bahasha nyembamba,
mshale wa mizani ukasitasita.
Ni nini? nikamuuliza.
"Orodha. Mikungu ya ndizi. Magodoro. Daftari la mtoto.
Kiatu cha kushoto. Kitenzi sikukipata."
Dada yangu alikuwamo. Sikuwa nimemwambia,
labda alisikia sokoni.
Nikagonga muhuri mara mbili, moja juu ya nyingine.
Hakulalamika.

Siku nyingine, bila kuombwa,
akanichorea lile neno nyuma ya risiti:
nukta tano, na nguzo mbili zimesimama wima.
Kisha la kwao: nukta tano vilevile,
nguzo hata moja.
"Ukiziona nguzo, ni mimi. Usipoziona, ni wao."

Duka siku hizi lina makava ya simu.
Mwanawe yuko Geita, kwenye mashimo ya dhahabu;
nilipompigia kuhusu kifurushi kilichofika
miezi minne baada ya mazishi
alisema, "Ah, mama, choma tu."

Gramu mia mbili na sabini.
Kitabu. Nilikifungua upande wa nyuma,
kumbe ndiko mbele,
nikapekua kama anayetafuta jina kwenye matokeo ya mtihani.
Nguzo. Nguzo. Tena nguzo.
Lakini chini ya ukurasa, kwa herufi ndogo za ubahili,
nukta tano zisizo na nguzo.
Wamemfafanua, au bado wanabishana naye?
Hapa hakuna wa kumuuliza; shehe wa Mabatini
aliniambia Kiarabu hiki ni cha magazeti.

Karibu na mwisho kuna ukurasa
ambao mistari imeshuka mifupi mifupi, kama hati ya mizigo.
Wa mwisho ni neno moja.
Nimeweka kidole hapo. Foleni inakohoa.
Nguzo hazimo, nukta ni mbili tu.
Nadhani ni kiatu.