Gitaa la Tatu

Alhamisi, saa tatu kasorobo usiku,
mgahawa wa Nkwimba pale Kirumba hufunga jiko lakini haufungi mlango.
Watu huja na viti vyao.
Wao wanamtazama Amoni wa tamthilia:
atamwoa Eveta, au atarudi kwa yule wa Dodoma?
Mimi natazama mikono yake.
Nina daftari la hesabu nililompokonya mwanangu
na penseli niliyoichonga kwa patasi ya kazini.

Gitaa la kwanza halikunisumbua.
La manjano, rangi ya papai lililoiva upande mmoja.
Ya namna ile hushushwa kwa malori yakiwa ndani ya maboksi,
na mwezi wa tatu huniletea mimi shingo zilizopinda
kama abiria aliyesinzia.
Nikaandika: jipya, halijapigwa na mtu.

La pili, jekundu, la umeme.
Amoni alilipigia harusi ya adui yake,
waya unaning'inia, haujachomekwa popote.
Nikacheka. Nkwimba akasema nyamaza, watu wanalia.

Na vidole! Kidole kinabana pingili ya tatu,
inatoka sauti ya pingili ya saba.
Mkono unasema lake, sauti inasema lake,
kama shahidi aliyefundishwa vibaya.

Sehemu ya kumi na saba mvua ilikuwa inapiga bati,
tukawa tunasoma midomo.
Amoni ameketi kwenye ngazi za nyumba isiyo yake,
amepakata gitaa jeusi.
Kamera ikasogea.
Pale shingo inapokutana na kichwa, palikuwa na weupe.

Si weupe wa plastiki. Plastiki hung'aa kama jino la bandia.
Ule ni weupe wa mfupa wa sangara
nilioupata Mwaloni kwa maneno matupu,
nikauchemsha, nikauanika darini siku sita,
paka wa jirani akinihesabia siku pamoja nami,
nikausugua kwa msasa, nikauchimba mifereji sita.
Mfereji wa tano ulinishinda. Ulikwenda upande, unywele mmoja.

Unywele mmoja. Nikauona.

"Lile ni la Bugingo," nikasema.
Lugembe wa toroli la barafu hakugeuka.
"Bugingo yupi?"
"Aliyekuwa akipiga Igogo, kabla ya figo."
"Lile ni la televisheni," akasema,
na Eveta akaanza kulia, ikawa basi.

Aliliuza akiwa wodini, kule Bugando,
kwa kijana wa udaktari aliyekuwa anahamia Dar es Salaam.
Nilimwambia asiliuze kabla hajaniuliza.
Hakuniuliza.
Alijua ningemwambia uza.

Jumapili kuna marudio, saa tisa mchana.
Nilikwenda peke yangu. Nkwimba alikuwa anachambua mchele,
akaniwashia bila kuuliza.
Mvua haikuwepo, kwa hiyo safari hii nilisikia.

Mfupa ni ule ule. Mfereji ni ule ule.
Sauti siyo.

Uzi wa tano wa Bugingo ulikuwa na kikohozi.
Kila ulipoguswa ulitetema kidogo pembeni,
na yeye akakataa nisiurekebishe:
acha, alisema, hapo ndipo wananijua.
Huu wa Amoni ni safi kama sahani ya mgeni.
Mtu mwingine, chumba kingine, gitaa lingine;
lile jeusi linashikwa tu, kama mtoto wa picha.

Nikafungua daftari.
La tatu. Jeusi. Mfupa: sangara. Fundi: mimi.
Mwenyewe: hapo penseli ilikaa muda.
Sauti: nikaacha wazi.

Kisha nikaubana ulimi kwenye meno,
nikautafuta ule mtetemo, mara ya kwanza ukakataa,
mara ya pili ukaja, mdogo, wa pembeni,
na Nkwimba akainua kitambaa cha mchele
akimtafuta inzi.