Nguzo ya Kumi na Moja

Nesi Sabiha alinifunga kile kitambaa mkononi,
akabonyeza kipira, akabonyeza, mpaka vidole vikaniwaka,
kisha akaandika namba bila kunitajia.
"Bi Raya, chumvi."
Neno moja tu, kama mtu anayemtaja mwizi anayemjua.

Akaongeza mengine kwa kalamu ya bluu:
tembea, kunywa maji, lala mapema,
usikae na jambo moyoni.
Hili la mwisho alilipigia mstari.
Nikaifundika karatasi kwenye pindo la kanga,
nikarudi zangu Limbani nimenuna,
nikala ng'onda mchana ule, kumuaga.

Asubuhi ya kwanza nilifika nguzo ya tatu.
Nguzo za umeme ndizo nilizohesabu,
maana saa ya ukutani ilisimama mwezi aliokufa Ngwali
na sijaitia betri.
Nguzo ya tatu: nikashika kiuno,
nikajifanya nasoma tangazo la maulidi ya mwaka juzi.
Miguuni raba za skuli za mjukuu wangu Haroub,
kubwa, nyeupe, zinapiga lami kama makofi.
Walioanika karafuu ukingoni mwa barabara
wakavuta majamvi yao, wakanipisha
kama wanaopisha gari la wagonjwa.

Ya tano. Ya saba, siku ya mvua, na mwavuli.
Mwili una ukaidi wa punda, lakini punda huzoea njia.
Ndimu ikakaa mahali pa chumvi,
na haikukaa vizuri, nisiseme uongo:
mchuzi wa wiki mbili za mwanzo
ulikuwa kama salamu ya mtu asiyenipenda.
Siku ya kumi na tano, ulimi ukalisikia bamia.
Bamia lenyewe.
Miaka sitini nalila, sijapata kulisikia.

Lakini nguzo ya kumi na moja ipo mlangoni kwa Kazija.
Mimi na Kazija hatusemezani, mwaka wa sita huu.
Alikopa sufuria langu kwa harusi ya mwanawe,
likarudi na tundu,
naye akaapa lilitoka kwangu na tundu lake.
Matanga mangapi tumekaa pembe mbili mbili!
Basi kila alfajiri nikifika ya kumi nageuka,
kama vile barabara imekatika pale.
Miguu inataka, roho inakataa.
Usiku nalala, saa nane naamka,
sufuria linalia kichwani, tupu.

Nesi akapima tena. Imeshuka kidogo.
"Kidogo," akarudia, akanitazama.
"Ule mstari wa chini umeusoma?"

Jumatatu, sijui kwa nini Jumatatu,
nikapita.
Kazija anafagia, kainama.
"Asalamu alaykum," nikasema mbio mbio,
kama anayelipa deni dukani huku anaondoka.
Ufagio ukasita.
"Waalaykumu salamu."
Basi. Akaendelea, vumbi likanijia miguuni.
Siku ile nilifika ya kumi na nne.
Mimi sikuhesabu; raba zilihesabu.

Siku ya pili kimya, ya tatu kimya,
ya nne akasema bila kuinua uso:
"Mkono wa kushoto unautupa mno.
Watembea kama askari wa gwaride."
Nikamjibu: "Njoo uutupe wako tuuone."

Hakuja. Sijui kama atakuja.
Ana magoti, na ana kiburi,
nami ninavyo vyote viwili.
Ila jana nilikuta kikombe cha maji kizingitini,
kimefunikwa kawa.
Nikakaa, nikanywa mafundo matatu,
kama tulivyofunzwa chuoni, sote wawili,
kwenye jamvi moja.
Ndani nikasikia mtu anakohoa, kikohozi cha uongo.

Sufuria bado lina tundu.
Nimelijaza udongo, nimepanda mchaichai;
maji ya ziada yanapita chini, mizizi haiozi.
Saa sijaitia betri.