Sindano ya Ubavu

Bibi yangu Waapanihkwa
aliandikwa mara tatu katika madaftari ya serikali
na mara tatu jina lilikosewa:
kwanza Wopanoka, kisha Wapinika,
mara ya tatu karani alichoka, akaandika Beti.
Bibi alicheka hadi akashika mbavu.
"Huyo Beti naye mpeni posho yake," akasema,
"mimi na yeye tutagawana unga."

Herufi hakuzijua. Mafunjo aliyajua.
Hukatwa kiangazi kikielekea ukingoni,
kabla ubua haujakauka moyo;
huanikwa, hupangwa bega kwa bega,
hushonwa kwa sindano ya ubavu wa nyati,
ndefu kama mkono wa mtoto, imepinda kidogo,
imelainishwa na vidole vya mama yake
na vya mama wa mama yake.
Mkeka juu ya mkeka, nyumba ikasimama.
Mvua ikija, funjo hunywa, huvimba,
hujiziba lenyewe.
"Nyumba yetu," alisema, "ilikuwa na kiu."

Alikuwa na miaka tisa
askari walipovuka mto Wabash.
Wanaume wengi walikuwa mbali.
Bunduki hakuzisimulia. Alisimulia harufu:
mahindi makavu ya ghalani yakiungua
hunukia bisi,
na tumbo lake, tumbo pumbavu la mtoto,
likanguruma kwa njaa.
Hilo hakujisamehe hata uzeeni.

Wakaswagwa hadi ngomeni, wanawake na watoto.
Walipoachiliwa, mama yake alirudi
akahesabu hatua kutoka kwenye jiwe jeupe,
akafukua shimo lililotandikwa magome.
Juu, ukungu. Chini yake, ukungu.
Akafukua mpaka mkono ukazama kwapani.
Akatoka na konzi moja ya mbegu nyeupe
na sindano hii,
aliyoitupa humo mbio mbio siku ile
pamoja na chochote kilichokuwa karibu.

Karatasi inasema: tulihama.
Silabi imedondoka njiani.
Tulihamishwa.

Sisi, ambao jina letu ni maji yanayojizungusha,
tukawekwa Kansas, penye kijito
kinachokufa kila Agosti.
Siku moja nilimuuliza nyumbani ni wapi.
Alichukua bakuli, akatumbukiza kidole,
akakoroga mpaka katikati pakafanya shimo.
"Hapo," akasema.
Kisha akanywa yale maji, maana hatukuwa na mengine.

Hadithi za kale alikuwa nazo, tele,
lakini husimuliwa baridi tu, vyura wakiwa wamelala.
Mimi na haraka yangu nilimsihi wakati wa joto.
Alielekeza sikio mtaroni:
"Unawasikia? Bado."
Katikati ya baridi moja alianza ile ndefu,
akafika pale mtu anapoingia majini,
kikohozi kikamkatiza.
"Mwaka ujao," akasema.
Alifariki Mei.
Usiku wa matanga vyura walipiga kelele
mpaka nikatoka nje na kuwatupia mawe.

Sasa wametwambia Kansas nayo si yetu.
Magari ya farasi yanakuja baada ya mavuno,
kusini, wanasema, kuna nafasi.
Mume wangu amenunua turubai.
Turubai ni nzuri, sikatai,
haina kazi, haina kiu.
Mimi nimekata mafunjo ya mtaroni, mafupi, ya matope,
nikakaa nayo siku tisa.
Kushona sikufundishwa vizuri; niliangalia tu,
na aliyekuwa akinisahihisha ni yule aliyekufa.
Mishono imekwenda upande.

Jana usiku mvua ilinyesha.
Mkeka ulivuja, hasa upande wa kichwa changu.
Nikasogea.
Nikalala macho, nikisikiliza
funjo likinywa, polepole,
kama mgeni asiyejua kama amekaribishwa.