Gumba

Nimefunga dirisha, kwa mazoea tu.
Chini, hapa Ngara, muuza mitumba ameshika kipaza sauti,
mia, mia, mia,
na Nyanduko ameshavua vifaa vyake vya masikio,
ameviweka ndani ya kikasha cha miwani
kama meno ya bibi yake.

Mtihani huu hauna sauti.
Midomo peke yake ni kigeugeu:
papa, baba, mama,
jitazame kwenye kioo, ni mlango uleule
ukifungwa, ukifunguliwa.
Ndiyo maana mkono huja ukakaa kando ya shavu:
kidole kimoja, pa;
vinne, gumba limejikunja kiganjani, ba;
mkono mzima, vitano wazi, ma.

Naanza na maneno yasiyo maneno,
akili isije ikalinong'oneza jicho.
Mabu. Pamabi. Bepumo.
Anaandika upesi, penseli yake imetafunwa kichwa.
Kumi kwa kumi. Anapiga mwayo.

Sehemu ya pili fomu inadai mtu wa nyumbani.
Bwana Onsongo ananawa tena, ingawa oili ya Grogan
haijawahi kuyaogopa maji ya bomba.
Anaketi nilipokuwa nimeketi,
anainua mkono wa kulia,
na hapo ndipo naona: gumba halipo.
Feni ya Peugeot, anasema. Huyu hajazaliwa.

Kwa hiyo kila ma yake ni ba.

Namwambia ajaribu wa kushoto.
Anaujaribu. Nyanduko anakunja uso
kama aliyepigiwa simu na mgeni anayelijua jina lake.
"Huyo si yeye," anasema,
kwa ile sauti yake nzito ambayo hajawahi kuisikia yote.
"Rudisha ule."

Ule unarudi.
Sentensi ya saba: Mama alibeba maji mengi.
Mimi, kwa kanuni, mkononi nimesoma
Baba alibeba baji bengi,
nikajiuma mdomo nisicheke.
Yeye ameandika, herufi za duara, nukta mwishoni,
Mama alibeba maji mengi.

Umejuaje? Namwuliza kwa mkono wangu wenye vidole vyote.
Ananitazama kama ninayeuliza njia nikiwa jikoni kwangu.
Akikusudia mama, anasema,
hapa panatikisika. Anagusa kifundo.
Pale pa gumba. Panajaribu.

Baba mtu anaangalia dari.
Kuna doa la mvua ya Aprili, halina cha kuangaliwa.

Fomu ina visanduku viwili, sahihi na kosa,
na mstari mmoja mfupi wa maelezo.
Nimetia tiki. Nimeifuta.
Nimeitia tena palepale,
hadi karatasi imechakaa, imeingia weusi,
na mkaguzi akija atadhani
ni oili.