Taji la Tatu

Usiniambie habari za la saba.
Nimeliona. Nyasi zinainama kwa upepo, jani moja moja,
farasi anatoa mvuke puani,
na ukisimama juu ya mnara unaiona dunia nzima
kama mtu aliyepanda ghorofa refu la Posta
akasahau alichofuata.
Zuri, sikatai.
Zuri kama sebule ya wageni:
vitambaa juu ya makochi, na hakuna anayekaa.

Taji la Chumvi, lile la kwanza, sikulicheza. Nilisimuliwa.
Kaka yangu Mwinyimvua alilikuta kwa kina Chande, Tandika:
mashujaa wanne wadogo kama punje za mtama,
hawana pua, hawana vidole,
na joka ni miraba kumi ya kijani, basi.
La pili lilikuwa gumu bila sababu,
kama mwalimu wa zamu siku ya Jumatatu.
Kila hatua mbili popo, kila hatua mbili popo,
upanga umevunjika, na fundi hayupo.

Halafu likaja la tatu.

Tulilinunua Kariakoo, Mtaa wa Aggrey,
sidii ndani ya nailoni, jina limeandikwa kwa kalamu nene.
Tulipoiwasha, maandishi yote Kijapani.
Muuzaji alishasema: mali ikitoka hairudi.
Na mama alishaweka umeme wa elfu mbili.
Mwinyimvua akakohoa, akasogea karibu na kioo,
akaanza kusoma.

Alisoma! Nilikuwa na miaka saba, nikaamini.
Mfalme mwenye ndevu za bluu alikuwa anadaiwa kodi ya miezi sita.
Mchawi wa mnarani alikuwa wifi yake,
hakualikwa kwenye shughuli.
Binti mwenye mkuki, Siwatu, alitoroka usiku kusaka chumvi
kwa sababu mji mzima ulikuwa unakula mboga chapwa.
Kila mwanakijiji tuliyemgusa kwa kitufe
alikuwa na neno kuhusu bei ya mchele.
Na yule kipofu wa pangoni aliposema Kitendawili,
mimi nilikijibu kioo, kwa sauti, Tega!

Usiku tuliofika kwa joka la mwisho
LUKU ililia mara tatu, ikanyamaza.
Kadi ya kumbukumbu ilikuwa ya kuazima, asubuhi ikarudi kwa wenyewe.
Mwinyimvua akalimaliza joka gizani, kwa mdomo,
mbu wakiwa mashahidi.
Ndiyo mwisho ninaoujua.

Mwaka juzi wamelitoa upya, limepakwa rangi, limetafsiriwa.
Nikalicheza hadi adhana ya alfajiri.
Mfalme hadaiwi na mtu.
Mchawi hana wifi.
Binti ana jina lisilotamkika, na kutoka mwanzo hadi mwisho
anasema sentensi kumi na mbili.
Chumvi? Chumvi ni jina la ukoo tu.
Nilizima nikakaa,
kama mtu aliyeibiwa kitu ambacho hakijawahi kuwepo
na hajui polisi aandikishe nini.

Sasa Mwinyimvua ni mkalimani wa mahakama, Kisutu.
Shahidi akisema neno, naye neno;
haruhusiwi kuongeza hata "lakini".
Jumapili kwake Chamazi, juu ya wali na samaki wa nazi,
anashikilia kwamba la tano ndilo bora:
vita vina mizani, ramani haidanganyi, silaha zina uzito wake.
Hoja anazipanga kama vielelezo mbele ya hakimu.
Namsikiliza. Yote kweli.
Sina ushahidi wowote wa la tatu.

Binti yake Mwantumu yuko mkekani na la saba,
anabonyeza, anabonyeza, anaruka maongezi.
Bibi wa sokoni anafungua mdomo,
hajamaliza pumzi, kishafutwa.
"Mbona huwasikilizi?"
"Shangazi, wote wanasema yaleyale."

Mwinyimvua akaweka kijiko.
Akakohoa.
Nakijua kikohozi kile.

"Mrudie huyo bibi," akasema, akisogea karibu na kioo.
"Anamdai mfalme.
Miezi sita."