Safu ya Pili

Jannik, usinisomee namba.
Thelathini na moja kwa nunge: nimezisikia,
zimechapwa ubavuni mwa tramu, zimechapwa kwenye bilauri
unayonywea bia sasa hivi.
Mimi ndiye niliyegonga kengele
mapambano kumi na tisa kati ya hayo, hapa hapa Magdeburg,
saa mkononi, daftari jeusi magotini,
na daftari langu lina safu mbili.
Ya kwanza ni Torsten Wiebke. Hiyo kila mtu anayo.

Njoo kwenye ya pili.

Wa nne: fundi vigae kutoka Kutaisi,
Nugzar Tsiklauri, miaka thelathini na minane,
kapigiwa simu Alhamisi apigane Jumamosi.
Alishuka na saruji kwenye kucha,
glavu za kuazima, na mfuko wa plastiki
wenye jibini ya shemeji yake aliye Leipzig.
Raundi ya pili aliketi chini taratibu,
kama mtu aliyekumbuka hakufunga mlango wa nyumba.
Nikahesabu kwa kidole mezani.
Alinitazama nikihesabu,
macho maangavu, hayana hata ukungu,
akinisubiri nifike kumi.

Asiyekubali kushindwa si mshindani, sawa.
Na aliyekubali tangu uwanja wa ndege,
huyo tumwiteje?

Wa kumi na tatu alikuwa yule yule wa tisa,
kanyoa ndevu, kapewa jina jipya,
na mchoro ule ule wa njiwa shingoni.
Wa kumi na sita alikuwa bingwa kweli, wakati wake.
Jina kubwa hununuliwa likishapoa,
kama mkate wa jana, kwa nusu bei.
Alikuja na jina; magoti aliyaacha Cartagena.

Unaniambia Torsten ni fahali.
Miaka yote hii nimeona nyasi,
nyasi zikilala, nyasi zikilipwa, nyasi zikipanda basi.
Fahali wa pili yuko wapi?

Sikiliza jina lisilo kwenye bilauri yoyote:
Dariusz Wrona wa Bytom. Kashinda kumi na tisa, kashindwa tisa.
Unacheka. Haya, cheka, kisha nikusomee hizo tisa.
Belfast, kwa pointi moja, mbele ya watu waliomzomea akiingia
na kumsimamia akitoka.
Osaka, nyusi ilipopasuka na daktari akakataa kusikia.
Montreal, raundi ya mwisho, zikibaki sekunde arobaini;
aliyemwangusha alimfuata chumbani na barafu,
akakaa naye, hakusema neno.
Sita kati ya hao tisa walikuja kuvaa mikanda.
Vipigo vya Wrona vina anwani.

Lakini nisikudanganye, maana bia hii umelipa wewe.
Mkono wa kushoto wa Torsten ni mzuri.
Wrona hakuwahi kuwa na mkono kama ule.
Hilo ndilo linaloniuma.

Wa ishirini na saba, mtu wa kuziba pengo,
Mirsad Kolonić, hakuna aliyemjua.
Raundi ya tano alipenyeza ngumi ya kulia, fupi,
na Torsten akarudi nyuma hatua mbili.
Nilikuwa mita moja kutoka usoni pake.
Hakuogopa. Jannik, alifurahi,
kama mtoto aliyeitwa kwa jina lake
katika mji wa ugenini.
Alishinda, ndiyo, kwa shida.
Promota Kessling hakumwita tena yule Kolonić,
wala hakuita yeyote anayefanana naye.

Mwezi jana Torsten alikuja kwangu, bila gari lile.
Aliomba daftari.
Akaishusha safu ya pili kwa kidole, jina kwa jina,
midomo ikichezacheza kama anayesoma deni.
Kwa Tsiklauri alipita.
Kwa njiwa alipita, mara mbili.
Kwenye ishirini na saba kidole kikagoma.

"Huyu anaishi wapi siku hizi?"

Nikamwambia: Tuzla, anaendesha lori la maziwa.

Akauliza kama nina namba.