Jiwe la Mabuni

Tarehe ishirini na tatu Juni, nyenje wanakereza jua.
Bibi Nabe na kofia yake ya shambani,
chupa ya maji, taulo la bafuni,
kipande cha muwa ndani ya gazeti.

Kuta nyeusi zimekunjwa kama kurasa, zimeielekea bahari.
Majina. Ya kwetu, ya Tokyo, ya Ohio,
aliyerusha na aliyerushiwa,
wote wamepewa herufi za ukubwa mmoja.
Mgeni anapiga picha, anasema: usawa ulioje!
Bibi hamsikii. Kidole chake kinatembea safu kwa safu
hadi palipoandikwa

          MTOTO WA CHIBANA KAMADO

Basi. Alikuwa na siku kumi na tisa;
vita vilifika kabla ya karani.

Anamwosha. Kwanza MTOTO, kisha WA,
akifika jina la mama yake mkono unapunguza mwendo.
Muwa anaulaza chini.
"Hakuwa na meno," ananiambia. "Sasa atakuwa nayo."

Miaka yote nilidhani ni bomu.
Leo, amechuchumaa, amenipa habari ya pango:
watu themanini gizani, mtoto akalia,
na askari (wetu, si wao, wetu)
akasema taratibu, kama anayeomba kiberiti:
Mnyamazisheni, au nitamnyamazisha mimi.
Mama alikuwa na kitambaa cha kubebea.
"Mimi nilishika miguu," akasema Bibi.
Alikuwa na miaka sita.

Kitabu cha shule cha mwanangu kina mstari mmoja juu ya mapango:
Raia wengi walikufa.
Walikufa. Kama saa ya ukutani.
Mahali fulani, mezani, mwenye kalamu nyekundu
alikuta "waliuawa na",
akaona hiyo "na" inadai jibu,
akaikata.

Upande wa Wakorea kuna mawe matupu,
yamesuguliwa yakang'aa, yanangoja.
Jamaa wengi walikataa: wafu wao wasilale
orodha moja na waliowachukua.
Nikasimama mbele ya moja. Nikajiona, uso mzima, bila herufi.

Niligeuka, Bibi hayupo.
Nilimkuta kwenye ukuta wa mkoa wa mbali, kaskazini,
ametulia mbele ya jina ambalo hakulisoma kwa sauti.
Chupa nusu. Taulo bado bichi.
Sikuuliza.

Maji yale hakuyamwaga.
Aliyanywa ndani ya basi, yote,
macho yameelekea dirishani.